Sura ya Saba: Mlima Nyuma ya Reli

Injini namba 5910 ya Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki ilibeba ubavuni kibao chenye jina la Mount Hanang, lakini haikuwahi kufika hata karibu na mlima wenyewe, huko Tanganyika. Ilitengenezwa Manchester, Uingereza, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, ikiwa moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizoletwa kati ya 1955 na 1956. Wakubwa wa shirika waliamua kuzipa zote majina ya milima na vilele vya Afrika Mashariki. Ya kwanza, 5901, ikaitwa Mount Kenya. Kilimanjaro, ingawa ndio mrefu kuliko yote, ukasubiri hadi namba 5928. Hanang ukapata nafasi ya kumi.

Haikuwa injini ya kubeza. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani zipatazo 250, na kazi yake ilikuwa kuvuta tani 1,200 za mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, safari ya kilomita 530 inayoanzia usawa wa bahari na kupanda zaidi ya mita 1,600. Hakuna aina nyingine ya injini ya mvuke iliyowahi kuishinda kwa nguvu katika reli za upana wa mita moja. Uzito huohuo ndio ulioifungia Kenya. Reli za Tanganyika zilikuwa nyepesi mno. Huko zilitumika injini za daraja la 60, ndogo kiasi na zilizopewa majina ya magavana, hadi majina hayo yalipobanduliwa baada ya uhuru.

Kufikia 1980 enzi ya injini hizo kubwa ilikuwa imekwisha. Mbili zimebaki Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. 5910 haimo. Anayetaka kuiona leo, tena ikipita mbele ya mlima ulioipa jina, hana budi kuitengeneza mwenyewe, ndogo, juu ya meza. Ugumu wa kazi hiyo hauko kwenye injini wala kwenye reli. Uko kwenye ubao wa nyuma, pale panapotakiwa kukaa mlima.

Hesabu inaeleza kwa nini. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani na wajenzi wa reli ndogo ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho reli ya mita moja inakuwa na upana wa milimita 12 hivi, na injini ya daraja la 59 inafikia sentimita 36. Vyote vinaenea mezani. Hanang una kimo cha mita 3,417 juu ya usawa wa bahari, na kutoka tambarare ya mji wa Katesh, chini yake, hadi kileleni ni kama mita 1,650. Ukiugawa kwa 87 unapata mlima wa mita 19, mrefu kuliko jengo la ghorofa tano. Hakuna sebule wala ukumbi wa shule wa kuuweka. Ndiyo maana tangu zamani wajenzi wa reli ndogo husimamisha nyuma ya meza pazia lenye picha, mita chache za kwanza zikiwa udongo, majani na miti ya kutengeneza, na kilomita zote zilizosalia zikiwa karatasi.

Watu wa Afrika Mashariki si wageni wa mapazia. Vizazi kadhaa vimepigwa picha mbele ya maporomoko ya maji, ndege na majumba ya ghorofa yaliyochorwa kwenye kitambaa. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliyafanya mapazia yao kuwa maonyesho kamili barabarani. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya 1932 na 1993, alikwenda mbali zaidi: alikata picha na kuziunganisha chumbani mwake mwa giza, akamweka mtu mahali ambapo hangeweza kuwa, yote hayo kabla ya kompyuta kuingia kisiwani. Tofauti iko katika kusudi. Pazia la studio linataka lionekane, na mteja analilipia kwa sababu hiyo. Pazia la reli ndogo likimvutia mtazamaji kabla hajaiona treni, limeharibu kazi.

Mabingwa wa ng'ambo walilijua hilo mapema. John Ahern, Mwingereza aliyejenga reli ndogo ya Madder Valley ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Pendon, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifanya nchi inayoizunguka reli iwe na uzito sawa na reli yenyewe. John Allen wa Monterey, California, alikuwa mpiga picha kwa taaluma, na reli yake, Gorre & Daphetid, ilijaa hila za macho: vioo vilivyofichwa, milima iliyopakwa rangi hafifu, majengo yaliyopunguzwa ukubwa kadiri yalivyorudi nyuma. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza karibu kazi yake yote. Kilichobaki ni picha alizopiga, na ndani ya picha hizo ni vigumu kuona udongo unaishia wapi na rangi inaanzia wapi.

Swali la kwanza kwa mwenye 5910, basi, ni mlima upi akae nao. Akitaka ukweli wa historia, ataijenga njia ya Mombasa pale inapovuka nyika ya Tsavo, na mlima wa kuweka nyuma ni Kilimanjaro. Hapo anakutana na tatizo ambalo wengi hawalifikirii: Kilimanjaro wa leo si ule wa 1955. Vipimo vilivyotolewa na watafiti mwaka 2009 vilionyesha kwamba asilimia 85 hivi ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikwishatoweka kufikia 2007. Picha mpya iliyopigwa kwa simu, ikiwekwa nyuma ya injini ya miaka ya hamsini, inamweka dereva wa wakati ule mbele ya kilele cha wakati huu. Itabidi barafu irudishwe kwa mkono, kwa kutazama picha za zamani, na mrekebishaji ajizuie asiirudishe kwa ukarimu kupita kiasi.

Njia ya pili ni kubuni reli itakayopita mbele ya Hanang wenyewe. Mbulu, jirani ya mlima huo, haijawahi kuwa na reli, lakini wazo la kuwa nayo si la kichaa. Katika miaka ya 1930 tawi la Reli ya Kati lilijengwa kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, kaskazini mwa Singida, kabla ya kung'olewa. Mtu akiinyoosha kalamu kutoka Kinyangiri kuelekea kaskazini-mashariki, haichukui muda kufika nyanda za Mbulu, pale Haydom na Maretadu. Reli ya kubuni inayokwenda kupakia mahindi na alizeti ya Mbulu inaaminika. Injini ya tani 250 juu ya reli hiyo haiaminiki. Iliyostahili ni ya daraja la 60 au ndogo zaidi. Lakini hapa uongo mmoja unaruhusiwa, na jina lililo kwenye kibao linatosha kuutetea. Sharti ni kwamba uwe huo mmoja. Mlima, mwanga, hewa na nyumba zifuate ukweli, vinginevyo mtazamaji atahesabu makosa badala ya mabehewa.

Kutoka kwenye miinuko ya Maretadu, hewa ikiwa safi, Hanang husimama upande wa kusini-mashariki, kiasi cha kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Aliyezaliwa huku anaujua kwa umbo lake hata gizani. Ajabu ni kwamba akikabidhiwa picha na kompyuta auweke mlima huo kwenye pazia, jambo la kwanza atakalofanya ni kuukuza.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika mapazia ya picha. Mlima wenye kimo cha mita 1,650 ukitazamwa kutoka kilomita 40 hujaza pembe ya nyuzi 2 na nusu hivi. Kwa mtu aliyesimama mita moja mbele ya pazia, hizo ni sentimita 4 tu za karatasi. Injini yenyewe, kwa kimo chake cha takriban mita 4, inafikia sentimita 4 na nusu kwenye meza. Kwa maneno mengine, Mount Hanang ya chuma inauzidi kimo Mlima Hanang. Moyo unakataa, na ndipo mtu anapoukuza mara tatu, mara nne. Matokeo yake mlima unasogea karibu. Hauonekani tena mrefu, unaonekana uko kilomita 10 kutoka kituoni, nao unalifanya bonde lote lifanane na ua wa nyumba. Wajenzi wenye uzoefu hukubali nyongeza ndogo, sentimita 5, labda 6, kwa kuwa jicho hai huupa mlima ukubwa ambao kamera haiutoi. Kuzidi hapo ni kupunguza nchi.

Suala linalofuata ni upeo wa macho. Katika maisha upeo hukaa usawa wa jicho la mtazamaji, popote alipo. Mtu anayeitazama meza kutoka sentimita 30 juu yake ni sawa na mtu aliyepanda mita 26 angani juu ya Maretadu. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama chini, barabarani, haitalingana naye: ardhi ya mezani itaonekana kutoka juu na ardhi ya picha kutoka chini, na pale zinapokutana patakuwa kama pamevunjika. Suluhu ya kati kwa kati inayokubalika ni kuuweka upeo sentimita 12 hivi juu ya meza. Kwa kipimo cha 1 kwa 87 hizo ni kama mita 10, kimo ambacho mtu hukipata kwa kusimama kwenye mteremko wa kilima kidogo, bila kuhitaji droni wala kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mlima uliopo kusini-mashariki una ratiba yake. Asubuhi jua huchomoza nyuma yake, na kinachoonekana ni kivuli cheusi chenye kingo zinazong'aa, kizuri kwa kalenda na kibaya kwa pazia. Alasiri jua huhamia mgongoni mwa mpiga picha na kuumulika uso wa mlima, na mwezi Juni, jua likiwa limeegemea upande wa kaskazini, linashukia kaskazini-magharibi, kinyume kabisa na Hanang. Mwanga wa namna hiyo huangusha vivuli upande wa nyuma ya vitu, kwa hiyo picha haidai kwamba taa ya chumbani ikae kushoto au kulia. Juni pia masika yamepita karibuni, majani bado yana rangi, na vumbi la kiangazi halijaijaza hewa. Septemba mlima huohuo unaweza kupotea wiki nzima ndani ya ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba.

Upigaji wenyewe hauhitaji kamera ya gharama. Pazia la mita 3 kwa sentimita 60, likichapwa kwa nukta 150 kwa inchi, linataka picha yenye pikseli 17,700 kwa upana na 3,500 kwa kimo. Simu ya megapikseli 12 ikishikwa wima inatoa picha ya 3,000 kwa 4,000. Zikipigwa tisa mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingiliana na ya kabla yake kwa theluthi, zinafika 19,000. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Mwanga ufungwe kwa kuweka kidole juu ya kioo hadi simu iache kujirekebisha, la sivyo kila kipande cha anga kitakuja na buluu yake. Na simu izunguke mahali pamoja. Mpigaji asitembee huku na huku nayo, maana miti ya karibu itahama ilhali mlima umetulia, na hakuna programu itakayoipatanisha. Kuziunganisha kunafanywa vizuri na Hugin, na marekebisho yanayofuata yanawezekana katika GIMP. Zote mbili ni za bure.

Kisha kinakuja kisu. Mrekebishaji huondoa anga yote ya picha na kuweka nyingine aliyoitengeneza: buluu iliyopauka juu, ikizidi kufifia kuelekea chini, karibu nyeupe pale inapougusa mlima. Mawingu hayafai isipokuwa mepesi sana, kwa sababu wingu zito lisilosogea kwa mwaka mzima huanza kuchekesha. Mahali pa kutazama kwa makini ni ukingo wa mlima. Programu ikikata anga kwa pupa huacha uzi mwembamba wa mwanga umeufuata mlima kutoka bega hadi bega, na uzi huo, ambao kwenye simu hauonekani, ukichapwa mita 3 unakuwa kamba. Dawa yake ni kukaribia hadi pikseli zionekane moja moja, kisha kuula ukingo pikseli mbili tatu kuelekea ndani na kuulainisha.

Baada ya anga, vitu. Mabati yanayometa ndiyo adui wa kwanza: paa moja jipya umbali wa kilomita 2 hutoa nukta nyeupe inayolivuta jicho kuliko treni. Minara ya simu, nguzo za umeme, paneli za sola na pikipiki iliyoegeshwa chini ya mgunga vyote huondolewa, si kwa sababu ni vibaya bali kwa sababu 5910 ilianza kazi miaka ambayo havikuwapo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom yenyewe ilifunguliwa 1955, mwaka zilipoanza kufika injini za 59, na nyumba nyingi za Mbulu wakati huo zilikuwa tembe zenye paa la udongo. Paa la tembe linapatikana kwa urahisi: bati hupunguzwa mwangaza, hutiwa rangi ya ardhi inayolizunguka, na kwa mbali halina tofauti.

Kufuta kitu ni kukifunika kwa nakala ya kitu cha jirani, na hapa wavivu hunaswa. Mgunga mmoja uliopinda kwa namna yake ukirudiwa mara tatu kwenye mteremko mmoja, mtu wa mjini hatagundua. Mchunga ng'ombe atagundua kabla hajakaa. Ndivyo ilivyo pia kwa hila ya kurefusha picha kwa kuigeuza kama kwenye kioo. Milima isiyojulikana inavumilia. Hanang uliogeuzwa kushoto kuwa kulia hauwezi kuonyeshwa kwa mtu yeyote kutoka Haydom hadi Katesh.

Upo ufutaji mwingine ulio mzito kuliko paa na nguzo. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Anayepiga picha kutoka upande wa Maretadu hakabiliwi moja kwa moja na miteremko ya upande wa Katesh. Anayepiga kutoka kusini anaweza kuyakuta makovu yale ndani ya fremu. Kwa pazia la miaka ya hamsini kuyaondoa ni sahihi, kwa kuwa hayakuwapo. Hata hivyo picha ikishasafishwa haina tena ruhusa ya kuzunguka mitandaoni kama picha ya Hanang. Picha za asili zihifadhiwe bila kuguswa, zikiwa na tarehe zake, na iliyorekebishwa ipewe jina la faili linalosema wazi kwamba ni pazia. Picha safi ya mlima huo yenye tarehe ya baada ya Desemba 2023 ni ushahidi wa uongo, hata kama aliyeitengeneza alikuwa akicheza na treni.

Hatua ya mwisho kwenye kompyuta huwauma wapiga picha wazuri: kuidhoofisha kazi. Rangi hupunguzwa, weusi hupandishwa hadi kijivu, na kila tabaka la nchi linavyokwenda mbali huongezewa buluu na weupe kidogo, maana hewa halisi hufanya hivyo na karatasi iliyo sentimita 40 nyuma ya reli haina hewa ya kutosha mbele yake. Kipimo chake kinashikika kirahisi. Hakuna sehemu ya pazia inayopaswa kuwa nyeusi kuliko kivuli kilicho chini ya mabehewa. Kwenye kioo picha itaonekana imechuja. Nyuma ya injini nyekundu iliyoiva, rangi ya daraja la 59, itakuwa imekaa mahali pake.

Kuchapa ni kazi ya maduka ya mabango, yaliyopo sasa katika kila mji wenye msimu wa uchaguzi. Turubai la bango lina bei nafuu lakini linang'aa, na mng'ao mmoja wa balbu katikati ya anga unamaliza kila kitu. Karatasi au stika isiyong'aa ni bora, hata ikizidi bei. Kabla ya kulipia mita 3, mwenye busara huchapisha kwanza ukanda mwembamba wenye anga, mlima na majani, huenda nao nyumbani na kuutazama chini ya taa zilezile zitakazowaka juu ya meza. Majani yaliyokuwa ya kijani dukani chini ya taa nyeupe hugeuka kahawia chini ya balbu ya njano, na ni nafuu kuligundua hilo kwenye ukanda.

Pazia hufungwa kabla ya reli kulazwa. Pembe za chumba hazikunjwi, zinazungushwa kwa mpindo mpana, kwa kuwa kunjo moja la wima huikata anga vipande viwili. Sentimita 5 za chini huachwa zishuke nyuma ya ukingo wa meza, na mahali karatasi inapokutana na udongo hupandwa kichaka, tuta au ua wa minyaa, mahali popote isipokuwa pale barabara inapopita. Barabara iliyoanzia mezani haiwezi kuendelea ndani ya picha bila kuvunjika mtazamaji akisogea hatua moja. Afadhali ikate kona nyuma ya nyumba na kuishia hapo. Mlima nao huwekwa pembeni ya katikati, mbali na kituo, upande ambao treni hutokea ikiwa bado na mabehewa yake yote nyuma.